Kabla Nyati wa Kwanza Hajaanguka

Rantepao, 11 Juni

Kaka yangu mpendwa Sampe,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto huko Timika. Natumaini kile kifua chako kimetulia. Huku mpunga umeiva vizuri. Baba bado ni mgonjwa katika chumba cha kusini, na ataendelea kuwa mgonjwa mpaka nyati wa kwanza wa mazishi yake aanguke mwezi wa nane.

Mama humpelekea kahawa kila asubuhi. Baba Mdogo Tandi humwashia sigara, akampa habari za majogoo. Juzi alimtania kwamba kwa kulala amewashinda hata wakwe zake, akacheka peke yake mpaka akafuta machozi. Mimi nilipita mbele ya mlango bila kumwomba Baba njia, Baba Mdogo akanikemea.

"We Banne, baba yako amelala tu, hajahama."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Umeandika kwamba umepata likizo, na kwamba wewe, kama mkubwa, utatoa idhini nyati achinjwe. Kabla hujaitoa, ujue yaliyotokea njiani tulipotoka Makassar.

Unakumbuka daktari alitueleza kwamba Baba tuliyemjua ameshaondoka, kilichobaki ni mwili unaovuta pumzi, nao ungeweza kuvuta hivyo kwa miezi. Mama akasema basi akapumulie nyumbani. Tukapewa gari na mtungi wa oksijeni. Mama alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na Baba. Tulipoanza kupanda milima ya Enrekang, mchana kweupe, Mama alisinzia. Pumzi ya Baba ilikuwa ikikwaruza kama gunia linaloburutwa sakafuni.

Nikafunga mtungi.

Sikufunga kwa hasira, wala kwa kuchoka. Niliamini namfungia mtu ambaye hayumo. Niliushika mkono wake mpaka ukapoa, ndipo nikamwamsha Mama na kumwambia kwamba Baba amenyamaza mwenyewe.

Tulipofika, watu walimpokea kama mgonjwa. Walimwita kwa jina, wakamwuliza habari za safari. Nami nikaanza kuzungumza naye, na kaka, yumo. Ni yeye yule, na ukimya wake ule ule wa kukusubiri umalize uongo wako. Sasa kama yumo leo bila pumzi, siku ile akiwa na pumzi alikuwa wapi?

Nikimfuata daktari, sikuua mtu, ila Mama anampelekea kahawa mtu ambaye hayupo. Nikiifuata mila ya nyumba yetu, Baba hajafa bado, na atakufa kwa idhini yako. Lakini basi nilimkatia pumzi huku ananisikia. Nimeligeuza jambo hili kila upande, na kila upande naukuta mkono wangu juu ya mtungi.

Nyati akishaanguka, Baba hatasikia tena. Nakuomba uje mapema, kabla wageni hawajajaa. Tuketi naye, wewe, mimi na Mama, niyaseme haya mbele yake. Peke yangu nilijaribu Jumapili, nikatoka kabla sijaanza. Na kama ukishasikia utashindwa kutoa idhini, usiitoe. Nitakuwa wa kwanza kukutetea kwa akina Baba Mdogo.

Mama anakusalimu sana, anauliza kama wanao wanakula vizuri. Salamu za Baba sikuweza kukuchukulia, maana tangu Jumapili siingii chumbani kwake.

Ni mimi mdogo wako,
Damaris Banne