Kibati cha Baba Violet

Riverdale Park, Maryland
6 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limeanza kukuhurumia pamoja na baridi hii ya masika. Poleni na matope. Sisi huku miili ni mizima. Violet amenipita kimo, viatu vyangu anavivaa bila kuomba, na akikujibu Kiingereza kwenye simu usidhani ni dharau. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ambacho ningependa asikisikie. Anakuamkia.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati kila Jumapili tunaongea. Nimempa Leonard, yule kijana wa kanisani kwetu anayekuja likizo Moshi, akukabidhi mkononi. Naomba uisome mwenyewe kwa ile miwani aliyokuletea Baba Violet, usimpe shemeji Elisante akusomee. Kwenye simu nimejaribu mara nne kukueleza, na kila ukiniita mwanangu najikuta nakuuliza habari za kuku. Kuna mtu anaumia kwa ajili ya neno moja ambalo mimi ndiye ninayepaswa kulisema, na mdomo umekataa.

Ijumaa hadi Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye kumbukumbu ya askari wa zimamoto waliokufa kazini. Huku wanafanya kila mwaka. Wafiwa wanawekwa hotelini, na kila familia inapewa mtu mmoja kutoka kituo cha marehemu awe mwenyeji wao siku zote tatu. Anakubebea begi, anakufungulia mlango, anakaa nawe mezani. Hata maji ya kunywa huruhusiwi kujichotea. Wewe unanijua, sijazoea kuhudumiwa. Kazi yangu huko Wheaton ni kuogesha na kulisha wazee wa watu, kwa hiyo siku tatu sikujua mikono niiweke wapi. Mwenyeji wetu alikuwa Kapteni Argueta.

Argueta unamkumbuka. Ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Machame, yule mfupi mwenye masharubu, uliyemlisha mtori bakuli mbili naye akamaliza bila kubisha. Baba Violet alipoanza kujitolea pale kituo cha zimamoto, Argueta ndiye aliyemfundisha. Na siku ya moto ule, Argueta ndiye aliyekuwa nje ameshika ubao.

Nikueleze huo ubao, kwa sababu msibani hakuna aliyekueleza. Kila askari ana kibati kidogo chenye jina lake. Akitaka kuingia kwenye nyumba inayoungua, anakiacha kwa mwenye ubao, na akitoka anakichukua. Ubao ukibaki mtupu, maana yake watu wote wako nje. Siku ile ubao ulikuwa mtupu, Argueta akatangaza kwamba wote wametoka, kisha paa likaanguka. Mwanao alikuwa ndani. Kibati chake hakikupatikana popote, na wachunguzi wakaandika kwamba huenda kilipotea katika vurugu.

Jumamosi walituwashia mishumaa. Bilha, rafiki yangu Mkenya aliyeninyooshea ile suti nyeusi, alikuwa ameniambia nisijistress, machozi yakija niyaachie tu. Hayakuja. Violet ndiye aliyelia mpaka akaishiwa nguvu, na aliyemshika ni Argueta, mimi nimekaa kama mgeni kwenye msiba wa wengine.

Tulipokaa kula, Argueta akaweka uma chini akasema ana jambo. Alisema ameandika barua ya kuacha kazi na ataikabidhi mwisho wa mwezi huu. Ametumikia miaka ishirini na miwili. Tangu siku ile hajashika ubao tena, na akipewa anampasia mwenzake. Alisema mwanzoni hakukumbuka kupokea kibati cha mwanao Ombeni, lakini kadiri anavyofikiri amekumbuka: alikipokea, kilikuwa na joto, kikamponyoka kwenye maji. Akanionyesha mpaka kiganja. Kisha akaniomba msamaha, Mama, mbele ya sahani ya kuku, Violet akisikia. Nikamwambia sina kinyongo naye. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Akanishukuru sana.

Jumapili waligonga kengele na kusoma majina. Argueta alivaa glavu nyeupe, akanishika mkono kunipeleka mbele kupokea bendera iliyokunjwa na ua jekundu. Ni hatua kama arobaini. Nilijiambia nitamwambia kabla hatujafika. Tukafika. Nikajiambia nitamwambia tukirudi, tukarudi, akanikalisha na kunifunika magoti kwa koti lake kwa sababu upepo ulikuwa mkali. Nilijichukia, nakwambia kweli.

Mama, Argueta hakuangusha kitu. Hakupewa kitu. Kibati ninacho mimi.

Siku ile ilikuwa kipaimara cha Violet, hilo unalijua. Ulitupigia asubuhi ukasisitiza kwamba yule mbuzi wa ndafu amkate baba mwenyewe na amlishe mtoto kwa mkono wake, kama baba yake alivyomfanyia yeye. Sikulaumu, Mama, nami nilitaka hivyohivyo. Lakini kile kidude chao cha mwito, kinacholia moto ukitokea, kilikuwa kimeshanichosha. Kilimtoa kwenye Krismasi, kilimtoa kwenye siku yangu ya kuzaliwa keki ikiwa na mishumaa inawaka. Na yeye mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba asiye na kibati haruhusiwi kuingia kwenye moto. Basi nilipotoka kuongea nawe nikakitoa kwenye msumari wake pale kando ya friji, nikakizika ndani ya kopo la unga. Nilijiona mjanja sana.

Kidude kilipolia, mbuzi ndiyo kwanza anaingizwa na watu wanapiga vigelegele. Akaangalia msumarini, akajipapasa mifuko, akaniuliza. Nikamwambia sijui, labda umekiacha kazini. Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni. Akacheka, akasema basi leo atashika mpira wa maji nje tu, niwaambie watu wasiguse nyama mpaka arudi. Nilifurahi, Mama. Nilibaki jikoni nikifurahi kwamba nimemshinda.

Wanasema mama mmoja alikuwa akipiga kelele barabarani kwamba baba yake yuko ghorofani. Ombeni akaacha mpira akaingia. Hakuwa na cha kumwachia Argueta. Yule mzee alikuwa ameshatolewa kwa mlango wa nyuma, wala hakuumia. Hakuna aliyejua kwamba mwanao yuko ndani, kwa sababu mimi nilihakikisha hawezi kuhesabiwa.

Siku tunamzika pale kihambani, kwenye migomba yenu, kibati kilikuwa kwenye mkoba wangu. Ulinishika mkono kaburini ukawaambia watu kwamba nilimtunza vizuri mwanao. Tangu hapo kila wema wako unanichoma. Sikuombi unisamehe, sijui hata nakuomba nini. Kama utaniambia nisikuite Mama tena nitaelewa, ila Violet usimwache.

Argueta nimemwalika aje kula Jumapili hii. Kumwambia siwezi, nimejipima nikaona siwezi. Nimekirudisha kibati kwenye msumari wake kando ya friji, na kiti nitakachompa kinatazama hapo. Leonard anaondoka Jumatatu. Ukisoma haya yatakuwa yamekwisha, kwa hiyo hutaweza kunizuia, nami nimekuandikia leo ili nisipate pa kurudi nyuma. Jana nilikitoa mara mbili nikakirudisha.

Leo asubuhi Violet ameingia jikoni kuchukua maziwa, akakiona. Nilidhani atanipigia kelele. Alisogea, akakigeuza, akaanza kuutoa unga uliogandia kwenye herufi za jina kwa ukucha, herufi moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili, jambo ambalo hajalifanya kwa miezi: Mama, baba alijua? Nimeendelea kukoroga uji mpaka basi la shule likapita. Sijui kama alijua kwamba ni mimi, Mama. Alicheka alipokuwa akitoka, na kile kicheko nimekigeuza kila upande.

Wasalimie wote hapo nyumbani, shemeji Elisante na watoto wake, na majirani waliotupikia wakati wa msiba. Ukienda kihambani, mwambie mwanao kwamba nyama haikuguswa. Tulingoja.

Ni mimi mkweo,
Mama Violet