Jicho la Langoni

Jumatatu, 3 Septemba 2007
Nimebadilisha betri tena kabla ya chai. Nne mpya Ijumaa, leo zimekufa. Siku tatu tu.
Chombo nimekitengeneza mwenyewe. Jicho, lile linalohisi mtu akipita, nilitoa kwa taa ya ulinzi iliyoungua, nikaliunganisha na kitufe cha kengele ya mlango, ile isiyo na waya. Mtu akipita langoni, kengele inalia huku kibandani ninakotengeneza redio. Lango liko nyuma, silioni.
Mtu mwenyewe ni Mama mkwe. Akili yake imerudi Mau Narok, kwa shamba waliloacha zamani. Kila siku anachukua kiondo, kikapu chake, aende kuchimba viazi. Na mbele ya hapa mtaani Rhonda kuna barabara ya malori.
Marehemu mume wangu aliniachia kisanduku cha vifaa na mama yake. Nashukuru Mungu kwa vyote viwili. Leo nashukuru kwa shida.

Jumatano, 5 Septemba
Nimekaa juu ya ndoo saa nzima nikitazama jicho. Mwizi wa betri nimemjua. Ni kuku wa Mama Saimo, jirani. Jicho niliweka usawa wa goti. Kila kuku akipita, linashtuka, linatuma ishara. Ndiyo maana kengele inalia ovyo, na kila mlio ni betri.
Nimelipandisha hadi usawa wa bega la Mama. Nusu ya chini nimebandika tepu nyeusi. Kuku sasa wanapita kwa raha zao.
Mteja alikuja na redio. "Niaje mathe, fundi ako wapi?" Nikamwambia unaongea naye. Alicheka. Redio yake ilipoanza kuimba, akaniita fundi.

Ijumaa, 7 Septemba
Betri zimelegea tena. Sielewi, kuku hawalishtui tena.
Sikuwa na mpya. Zile zilizokufa Jumatatu nilikuwa nimezianika juani juu ya mabati, vile kila nyumba hapa hufanya. Nimezipima kwa mita, mshale ukapanda vizuri. Nimeziweka. Moyo umetulia.

Jumamosi, 8 Septemba
Mama alipotea.
Kengele haikulia. Saa sita naingia na uji, kitanda baridi, kiondo hakuna. Nilikimbia bila viatu. Mama Saimo akaenda upande wa Kaptembwo, mimi barabarani, nikiita kama kichaa.
Mwenye mkokoteni ndiye aliyemkuta. Alikuwa ameketi kando ya barabara, mguu mmoja kwenye lami, anachimba changarawe na kijiko. Akamleta juu ya magunia ya makaa. "Mathe, huyu ni wako? Ananigombeza ati nimechelewa kuvuna."
Mama akanitazama, jina langu akalikumbuka. "Mama Ruth, viazi vitaoza na wewe umekaa tu."
Nimemwosha miguu. Ilikuwa na damu.
Mimi ni fundi. Najua betri iliyopigwa jua huonyesha nguvu ukiipima, halafu ukiipa kazi inazimika. Najua, na nilifanya. Nimepiga magoti kuomba. Nimelia tu. Bwana amesikia hivyo hivyo.

Jumatatu, 10 Septemba
Nilimwacha Mama na Mama Saimo, nikaenda mjini kwa mzee Singh, mwenye duka la vifaa vya stima. Akavaa miwani, akageuza chombo.
"Mama fundi, hii taa nyekundu unamwashia nani?"
Niliiweka nijue chombo kiko hai. Inawaka mchana kutwa, usiku kucha. Kumbe inakula kuliko jicho lenyewe.
"Umemwandika mlinzi kazi, halafu ukamwandikia mlinzi mwingine wa kumwangalia!" Akacheka mpaka kilemba kikatikisika. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.
Taa nimeikata. Nimeongeza kapasita pia, kijidude cha kuchelewesha: kengele ilie mara moja, halafu inyamaze dakika nzima hata mtu akisimama hapo. Betri mpya kabisa. Za kuanikwa nimezitupa chooni.

Ijumaa, 21 Septemba
Siku kumi na moja, betri zile zile! Haleluya.
Leo imelia mara nne, mara nne nimemkuta Mama langoni. Namshika mkono, namwambia tuanze na chai, viazi baadaye. Anakubali. Nimeimba nikichomelea waya.

Jumanne, 16 Oktoba
Wiki tano. Betri bado.
Kengele haijalia tangu Jumamosi. Niliogopa. Nikaenda nikapitisha mkono wangu mbele ya jicho. Ikalia. Chombo ni kizima.
Ni Mama haamki kitandani. Miguu imekataa. Kiondo kiko pale pale kwenye msumari.
Niliomba betri ikae muda mrefu. Sikujua naomba nini.

Alhamisi, 18 Oktoba
Jua zuri leo. Mimi na Mama Saimo tumembeba Mama na kiti chake kumtoa nje. Nikamwekea kiondo mapajani, ndani viazi sita vyenye udongo bado.
Tulipopita langoni kengele ikalia kibandani, hakuna mtu huko.
Akauliza, "Hiyo ni nini?"
Nikamwambia, "Ni wewe, Mama. Unatoka."
Akatabasamu. Akataka tena. Tukangoja dakika nzima, kuku wakipita chini ya kiti. Halafu tukampitisha tena.