Wifi Yako Alivyochagua Udzungwa

Dada yangu Sabina,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo Mpui na baridi ya mwaka huu? Goti la Mama limepata nafuu? Na ulezi, mmeshamaliza kuvuna? Sisi huku kwenye mashamba ya miwa tuko salama, ila joto linatutesa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungebishana kabla sijamaliza kusema.

Ni habari ya wifi yako Renata. Tangu presha ya macho ilipomfanya asione, amekuwa mtu wa kukaa ndani. Uliponiambia nimlete kwako atunzwe, moyoni nilishakubali.

Sasa, wenzangu wa kiwandani walipanga kwenda kutembea hifadhini na familia zao. Wengi walichagua Mikumi: unakaa kwenye gari, unatazama tembo na twiga, jioni unarudi. Nikajiandikisha peke yangu. Renata alipopata habari, akaniuliza tukiwa tunakula, "Mbona mimi hukuniuliza napenda wapi?"

Nikamwambia, "Mke wangu, Mikumi ni ya kutazama."

"Ndiyo maana siitaki. Nikae kwenye gari nisimuliwe twiga? Mimi ni mtu wa kutembea, unanijua. Nipeleke Udzungwa, kwenye maporomoko ya Sanje."

Dada, unaukumbuka ule mteremko wa kushukia Mtowisa, tulipokuwa tukimfuata Baba kununua mchele? Njia ya Sanje ni kama ile, tena ndani ya msitu, mizizi na mawe yanateleza. Nikakataa. Akaninunia mpaka nikashindwa. Tulikwenda, nami nikiomba achoke mapema turudi.

Hakuchoka. Mwongozaji wetu, mama mmoja mpole, alimpa fimbo, akamwambia ashike mkanda wa begi lake, wakatangulia. Walikuwa wakizungumza njia nzima. Mbega walipopita juu ya miti, alitaka aelezwe rangi zao. Akauliza ni mti gani unaonukia kama pilipili, ikabidi mwongozaji asimame kuutafuta. Mbele kidogo akateleza, akakaa kwenye tope. Nikamkimbilia.

"Usiniinue," akasema. "Nimeanguka kama mtu yeyote."

Akainuka mwenyewe, akajipangusa, akaushika tena ule mkanda. Mimi ndiye niliyekuwa nahema.

Tulipofika, manyunyu yalitulowesha wote. Alivua viatu, akatumbukiza miguu majini. Akaniuliza, "Maji yanatokea juu sana?"

"Sana. Ukungu umefunika, hata mimi kule juu sioni."

"Basi leo tuko sawa," akasema, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu augue. Nikageukia pembeni nijifute uso, ingawa hakuna ambaye angejua kipi ni chozi na kipi ni maji.

Tumeishi pamoja miaka mingi, Dada, na sikujua nimeoa mtu jasiri kiasi hiki. Siku hizi anakwenda sokoni na fimbo yake, na majirani wameacha kumwita "maskini Renata". Kwa hiyo usinielewe vibaya: nyumba yako ni njema, lakini haji kutunzwa.

Likizo tutakuja kuwasalimu. Amesikia habari za maporomoko ya Kalambo na ngazi zake, na anataka mwende wawili, wewe na yeye. Mimi ananiacha na Mama, eti nina woga mwingi.

Mfikishie Mama shikamoo yangu, shemeji pia, na katekista wetu wa kigango aliyemwombea Renata. Renata anakusalimu sana. Anasema utafute viatu visivyoteleza, maana hatakusubiri njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gaudensi