Aliyekula Michembe Yako

Kagongwa,
9 Juni 2024.

Kwako dada Nyamizi,

Shikamoo. Mwangaluka huko Tunduru, wewe na wagonjwa wako wanaoikimbia sindano yako. Huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama, ambalo humuuma akiitwa shambani na hupona akisikia ngoma ya harusi.

Ulilalamika kwenye simu kwamba kipeto cha Machi kilipungua robo kilo, ukataka kujua nani kala michembe yako, viazi vitamu nilivyokukaushia kwa mkono wangu. Leo najibu.

Mama aliniagiza nikifika posta Kahama niseme natuma kifurushi, eti kipeto ni neno la wachoyo. Nikalitamka dirishani kwa sauti. Mama Wema, karani wa pale, akacheka, akanieleza kwamba kisichozidi kilo mbili ni kipeto, kikizidi ndiyo kifurushi, na fomu zake ni nyingine. Mizani ikasoma kilo mbili na robo. Akaniambia nichague mwenyewe.

Wewe ndiye uliyenifunza kutotupa chakula. Basi nikafungua mfuko, nikaanza kutafuna palepale. Michembe mikavu unaijua, dada, taya likagoma. Kijana aliyekuwa nyuma yangu na barua ya mama yake akaomba kunisaidia, maana foleni haikusogea. Akala konzi tatu bila maji. Nikamuuliza kama meno yake ni ya chuma, akasema amezoea mawe. Mizani ilipotulia kwenye kilo mbili kamili, foleni nzima ikapiga makofi.

Anaitwa Eustace. Tangu siku hiyo kila Jumamosi huja kwenye cherehani yangu na suruali ile ile, imechanika pale pale.

Sasa niseme ukweli. Eustace ni mchimbaji wa Bulyanhulu. Sijasahau kwamba mchumba wako Masele alipopata dhahabu aliisahau njia ya kwetu, nawe ukaapa hutamwita mchimbaji shemeji. Lakini huyu anataka kunioa, nami nampenda. Wazee wake wako tayari kuja. Nimewazuia, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea, na bila wewe siolewi.

Kwa simu ungenikatia. Mama Wema akiniuliza kama barua hii iende kawaida, nitasema rejesta, pamoja na kile kikaratasi utakachosaini kirudi kwangu. Ukikataa, saini Nesi Nyamizi kama siku zote. Ukikubali, ondoa hilo Nesi, uandike Shemeji.

Wabeja kwa malezi yako, dada. Wasalimie wote wa hospitalini. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepona tangu juzi, na hakuna dawa aliyokunywa.

Mdogo wako akupendaye,
Asteria