Nilichokiona Kupitia Kidirisha cha Chumba cha Mashine

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye jalada. Kazini nilijulikana kama Fundi Mashine.
Umri: Miaka 80
Kazi: Mwalimu mstaafu wa sekondari, kabla ya hapo, mwendesha mashine ya sinema
Makazi: Kwa binti yangu, chumba cha mbele
Tarehe na saa: 5 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Nimeletwa na binti yangu, ambaye amekaa kwenye benchi nje na anadhani nimekuja kuripoti kupotea kwa hati ya kiwanja. Hati haijapotea. Daktari amesema moyo wangu hauna miezi mingi, na nimemwomba Afisa aandike polepole kwa sababu pumzi inanikatika. Afisa amenionya: "Mzee, haya unayotaka kusema yanaweza kukutia hatiani mwenyewe." Nimemjibu, "Ndicho nilichofuata, mwanangu. Andika."

Mnamo tarehe 14 Agosti 1971, siku ya Jumamosi, mwanamke aliyekuwa fundi cherehani alinyongwa kwa mtandio wake ndani ya ukumbi wa sinema nilimokuwa nafanya kazi. Aliyefungwa kwa kosa hilo alikuwa mshika tochi wa ukumbi, kaka wa marehemu mke wangu. Shemeji hakumuua. Aliyemuua nilimwona.

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma kabisa, juu ya viti vya roshani. Kilikuwa na mashine mbili, na kando ya kila moja kidirisha cha upana wa kiganja, ili fundi aangalie picha kwenye pazia. Kutoka hapo hadi mstari wa mwisho wa viti palikuwa na kama hatua mbili kwenda chini. Kwa muda wa miaka miwili nilikitumia kidirisha kutazama chini badala ya mbele. Nilitazama wapenzi. Nilitazama mzee mmoja aliyekuja kulala, na mama aliyelia hata kwenye vichekesho. Hawakujua kwamba wanatazamwa, na hilo ndilo lililonipendeza.

Kuanzia mwezi Mei mwaka ule fundi cherehani alikuja kila Jumamosi, onyesho la saa tisa alasiri, peke yake. Alikaa mstari wa mwisho, kiti cha pembeni. Akivua viatu, nilijua ametulia. Vidole vyake havikutulia. Vilikunja pindo la mtandio kana kwamba yuko kazini. Alikuwa na alama ya kuungua nyuma ya sikio la kushoto. Sikuwahi kusema naye hata neno moja. Nalieleza hili kwa sababu mahakamani niliapa kwamba simfahamu.

Wiki ya mauaji tulionyesha filamu ya mpangaji anayemchungulia jirani yake kupitia ufa wa ukuta, mpaka siku anapoona jirani akishambuliwa. Nilikuwa nimesoma kitabu kilichozaa filamu hiyo, nilikiazima maktaba. Jumamosi hiyo saa nane na dakika arobaini nilikuwa ngazini na shemeji, naye akawa ananichokoza.

"Shemeji, huyu mtu wako wa ufa, mimi ningemzaba makofi kwanza, ndipo tuzungumze habari ya muuaji."

"Basi wazabe ukumbi mzima," nikamwambia. "Si wote wamekaa gizani wanachungulia pamoja naye?"

"Wenzio wamekata tiketi!" Akacheka mpaka tochi ikamtoka mkononi. Kisha akauliza, "Na kitabuni anamwokoa vilevile?"

Nikamweleza kwamba kwenye filamu mpangaji anavunja mlango na kumwokoa jirani, lakini kitabuni anaziba ufa kwa gazeti na kwenda zake kazini. Nikaongeza kwamba kitabu kina ukweli zaidi.

"Toka hapa," akasema. "Ukweli gani huo? Mtu anavunja mlango bwana, hata kama ni mwoga."

Hayo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho tukiwa watu huru wawili.

Onyesho lilianza saa tisa kamili. Roshani ilikuwa tupu isipokuwa fundi cherehani. Mnamo saa tisa na nusu aliingia mwanamume, akakaa nyuma yake, yaani karibu kabisa na ukuta wangu, kwenye benchi la wahudumu. Nilimtambua. Alikuwa mumewe, karani, ambaye mara mbili nilimwona akimngoja nje ya lango. Aliinama akamwekea mikono mabegani. Nilidhani wamepatana. Nilizima taa ndogo ya chumba ili nione vizuri zaidi.

Naomba Afisa afute maneno "niliona ghafla" aliyoandika hapa. Haikuwa ghafla. Nilitazama kwa muda mrefu, nikiamini natazama mapenzi.

Mkanda mmoja ulidumu dakika ishirini hivi. Ukikaribia kwisha, alama ya duara hutokea juu kulia kwenye pazia, na fundi huwasha mashine ya pili. Alama ilitokea, nami sikuiona. Mkanda ukaisha, pazia likawa jeupe, na ukumbi ukajaa mwanga. Hapo nikaona mtandio umekazwa shingoni. Kichwa chake kilikuwa kimevutwa nyuma juu ya mgongo wa kiti, uso ukielekea juu. Macho yalikuwa wazi, yananitazama. Aliniona. Alinyoosha mkono kuelekea kidirisha changu.

Chini watu walianza kupiga miluzi. "Fundi, umelala?" Mlango wangu ulikuwa hatua nne. Mashine ya pili ilikuwa hatua moja. Niliwasha mashine. Giza likarudi, watu wakashangilia, na mwanamume yule akamaliza alichoanza. Nilikaa sakafuni nikiziba masikio, ingawa hapakuwa na sauti.

Saa kumi na dakika hamsini taa ziliwashwa. Shemeji alipanda roshani kama kawaida, akamkuta, akajaribu kuulegeza mtandio. Watu walimkuta mikono yake ikiwa shingoni. Ilijulikana kwamba shemeji alipenda kumtania yule dada. Mumewe, aliyekwisha kuponyoka gizani, alitokea nje ya lango akijifanya amekuja kumchukua mkewe, akalia kuliko wote.

Meneja aliponiuliza kwa nini pazia liliachwa jeupe, nilisema mkanda ulikatika. Haukukatika. Jioni hiyo niliukata kwa wembe, nikauunga kwa gundi ya filamu, nikampa mpelelezi kiungo hicho akione. Mahakamani nilisema macho yangu yalikuwa kwenye mashine. Ningesema kweli, swali la kwanza lingekuwa: ulikuwa unatazama nini huko chini? Niliogopa swali hilo kuliko nilivyomhurumia shemeji.

Shemeji alifungwa maisha. Mke wake alikuwa amefariki wakati wa kujifungua, akaacha mtoto wa kike, wakati huo wa miaka minne. Tulimchukua. Ndiye anayenisubiri nje, sasa ana miaka hamsini na saba, na ananiita Baba. Yeye ndiye anayeniogesha.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu. "Hukuona kitu? Hata kivuli, mume wangu?" Nikasema nilikuwa kwenye mashine. Alikufa akiamini kaka yake ni muuaji, na akimpenda hivyohivyo. Gerezani, shemeji alinifariji mimi. "Usijilaumu, shemeji. Ungeona, ungesema." Alifariki huko mwaka wa tisa. Mume wa fundi cherehani naye amekufa, kwa hiyo hakuna wa kukamatwa isipokuwa mimi.

Sikuwahi tena kuingia ukumbini. Hata darasani, nikitazamwa na wanafunzi arobaini, macho niliyoyaona yalikuwa mawili.

Afisa ameuliza ninataka nini. Nataka shemeji asafishwe kwa maandishi. Na nataka maelezo haya asomewe binti yangu leo, nikiwepo, kwa sababu mimi mwenyewe sitaweza kuyasema akinitazama.

Sina la kuongeza. Nimesomewa niliyoyasema, ni kweli yote, nami nayakubali.

Dole gumba la shahidi: (limewekwa)

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Shahidi ana akili timamu. Ametumia dole gumba kwa kuwa mkono unatetemeka. Binti aliitwa saa sita na dakika tano mchana, akasomewa yote. Hakulia. Alimuuliza shahidi swali moja: "Tulipokuwa tukienda gerezani, ulikuwa unamtazama usoni?" Shahidi alijibu, "Ndiyo."

Nilimwomba binti atie sahihi kuthibitisha dole gumba. Katika nafasi ya ubini, yaani jina la baba, aliandika jina la mfungwa. Kitambulisho chake kina ubini wa shahidi, nami nikamweleza kwamba majina hayalingani. Alisema, "Yaache hivyo, Afande." Kisha akamshika shahidi mkono, akamsimamisha, wakatoka.