Njoo na Kitanda Chako

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako. Je, magoti yameacha kukusumbua? Mimi mzima kabisa. Ngazi za jengo hili vijana wanazipanda wakipumzika njiani, mimi nazipanda huku napiga mluzi. Waulize.

Mjukuu wetu wa kompyuta yupo hapa, amejaza nyaya kwenye meza yangu ya kulia. Kazi yake ni kuunganisha hospitali na duka la dawa, wawe wanaandikiana kwa mashine. Kila upande una kanuni zake za kuandika, wenyewe wanaziita skima, za hiyo lugha yao ya XML. Shida ni kwamba hospitali ikiandika "jina" ni la mgonjwa, duka likiandika "jina" ni la dawa. Ukizichanganya ovyo, mtu atalazwa kwa jina la kidonge.

Nilimwambia hilo si jambo, duka lifuate ya hospitali, nyumba moja sheria moja. Si unanijua nikishika neno? Akasema haya Babu, tujaribu. Akafanya kanuni za hospitali zizimeze zile za duka. Mashine ikakataa. Nikamwambia ailazimishe. Ikakataa tena. Akacheka mpaka akashika mbavu, akasema leo nimekutana na mkaidi mwenzangu.

Ndipo akanieleza. Kumeza ni kwa kanuni za ukoo mmoja, zilizotungwa chini ya jina moja. Wa ukoo mwingine hamezwi, anaalikwa. Unataja ukoo wake, kisha kila neno lake unalitangulizia alama fupi ya kwao, basi. Jina la huku linabaki la huku, la kule la kule, na karatasi ni moja. Akaandika hivyo, mashine ikakubali kimya. Majirani nimewaambia nilisaidia. Kusimamia si kusaidia?

Tangu hapo sina amani, mdogo wangu. Nilipokutaka uhamie kwangu nilikuamuru uuze kitanda, uache cherehani, ule kwa saa zangu. Ukanijibu kwamba ulishaolewa mara moja, hutaki kuolewa tena na kaka yako. Nikanuna. Sasa nasema njoo na kitanda chako, na cherehani, na hiyo redio yako ya makelele. Chumba chenye dirisha kubwa ni chako, ufunguo ukae nao wewe. Ukitaka kula mapema, kula. Mimi nikichelewa, kaa tu karibu tuzungumze.

Na hili usimsomee mtu. Watu nimewaambia unakuja ili nikutunze. Uongo. Mkono wa kulia umekufa ganzi. Vifungo vya shati ananifunga mjukuu, naye anaondoka wiki ijayo. Mimi ndiye ninayekuhitaji.

Wasalimie majirani zako, hata yule anayedai alinishinda karata. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, na bado inasomeka, au siyo?

Ni mimi,
kaka yako mkubwa