Waya za Shemeji Zinawasha Taa, Picha Hakuna

Rujewa

Kamwene, dada Neema.

Baridi ya Igowole mnaionaje? Kifua cha mama kimeachia? Mimi mzima, ila nimekonda kwa joto la huku na kwa hasira. Simu zangu unazikata, ndiyo maana barua hii nimempa kondakta wa basi. Ulisema nina wivu na mumeo. Sasa kaa chini usome.

Unajua kazi hii ya kufunga kamera kwenye mashine ya mpunga niliipata kwa kubembeleza. Ulipolia kwamba mumeo anashinda bure, nikampa atengeneze waya huko huko nyumbani. Akatuma nane, zimekunjwa vizuri, nikazifunga. Kamera nane zikawaka taa nyekundu. Kwenye skrini, giza. Umeme unafika, picha haiji.

Nikabadilisha kamera, nikabadilisha swichi inayokusanya waya zote, wapi. Nikampigia. Akasema kila waya ameupima na testa, taa zimepita moja mpaka nane, kwa hiyo mbovu ni mimi. Nawe nikakusikia unacheka nyuma yake.

Bado nahangaika, magunia sita yakatoweka ghalani. Bosi akataka picha. Nikamwambia hazipo, kuna tatizo sijalipata. Akanyoosha kidole kwenye taa nyekundu: "Inawaka, haiwaki?" Akaamini mlinzi, Mzee Mgaya, amechezea kamera na kufuta picha. Akamzaba kofi mbele ya wapakiaji, mtu wa umri wa marehemu baba, akamvua koti la kazi na kumfukuza.

Ndipo nikakata kichwa cha waya mmoja nitazame rangi. Dada, ndani mna nyuzi nane, jozi nne zilizosokotwa. Kwenye kichwa, jozi ya chungwa hukaa namba moja na mbili. Kijani hutengana, tatu na sita, na bluu huingia katikati yake, nne na tano. Kahawia saba na nane. Mumeo kijani kaiweka tatu na nne, bluu tano na sita, kila mmoja ubavuni kwa mwenzake, zimependeza kama shanga. Kwa kuwa pande zote mbili kapanga vilevile, testa inapita na umeme unapita. Lakini picha haifiki bila namba tatu na sita, na hizo mbili lazima ziwe zimesokotwa pamoja; zake moja ni kijani, moja bluu. Kwenye waya mfupi mezani kwenu inavumilia. Kwenye mita sabini inakufa.

Mpangilio nilimtumia kwa meseji. Aliusoma, akausahihisha. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwa kujidai kabisa: "Shemeji, mke na mume huwezi kumweka mtu katikati. Jozi ni jozi."

Nimekata vichwa vyake vyote kumi na sita, nikabana vipya. Picha zimekuja, zote nane. Nikamwonyesha bosi waya wa shemeji na wangu. Akanituma nikamrudishe Mzee Mgaya. Nilimkuta uani kwake anapepeta mchele. Kiti hakunipa.

"Ile taa yenu ndiyo ilinishtaki," alisema. "Iambieni ilinde."

Bosi akasema basi mlinzi nimtafute mimi, nikimkosa nifungue kamera zangu niondoke nazo. Nikamwambia ninaye.

Kwa hiyo mumeo apande basi la Jumatatu. Jaketi aliache, aje na tochi. Atalala kibanda cha getini, chini ya kamera namba tatu, ambayo siku hizi inaona vizuri sana. Asipokuja, asahau jina langu, na wewe usinipigie kumwombea. Najua mtoto bado ananyonya na utabaki peke yako na mama. Nimelifikiria hilo. Waya wenyewe ndivyo unavyotaka, dada: kijani akae mbali na mwenzake, ndipo kitu kifike.

Msalimie mama, dawa yake ya kifua iko kwa kondakta huyu huyu. Msalimie shangazi anayechuma chai, na mjomba kinyozi, mwambie nywele zangu huku wanaziharibu. Mbusu mtoto.

Mumeo usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe, getini, pamoja na koti la Mzee Mgaya.

Mdogo wako,
Obedi